Anayenitaka Aje Huku

Mimi Muhonja nikisema kitu, nimesema. Siku mwenye nyumba alipokuja kwenye cherehani yangu sokoni Voi, akanisomea neno kwa neno yale niliyoandika kumhusu kwenye grupu yetu ya WhatsApp, niliapa: basi! Nikahamia Signal, ambako unaweza kupanga ujumbe ujifute muda mfupi baada ya kusomwa.

Niliwasihi wenzangu. Sisi ni wanawake wa Kakamega tulioletwa huku na kazi za reli na mkonge; mmoja wetu akifiwa, tunakodi basi na kuusindikiza mwili hadi nyumbani. "Hameni," niliwaambia. Daisy akacheka. "Aliyekuchongea ni mtu wa grupu. Tukihama sote, si naye atahama?" Wengine wakasema simu zimejaa. Emily peke yake, ambaye mimi naye tulikuwa chanda na pete, alinipa simu yake nimwekee. "Ila mambo haya hayaniingii," akasema. Nikamwekea, nikapanga ujumbe wetu uwe unajifuta.

Kisha nikatoka kwenye grupu kwa kishindo: "Anayenitaka aje huku. Asinipigie, sitashika!"

Hakuja mtu. Nikifungua Signal, kimya. Jioni nasonga ugali wa mtu mmoja, nasikiliza treni ikipita. Upweke uliniuma, jamani, lakini niwarudie? Mimi? Thubutu! Nikazima hata mlio wa Signal, nikaacha kuifungua.

Jumamosi Daisy hakuwa kwenye kibanda chake, wala mwenzetu Lavender kwenye nyanya zake. Nikamuuliza Mulei, muuza maji.

"Kwani hujui? Basi lilitoka alfajiri. Mamake Emily anapelekwa kuzikwa."

Mama yule alikuwa akiishi na Emily hapa Voi, na kila nilipougua aliniletea mrenda, akakaa mpaka nimalize kula. Nikafungua Signal. Ujumbe ulikuwa pale tangu Jumatatu.

"Muhonja, ulisema tusikupigie. Nimekufuata huku. Mama ametuacha. Nimekuwekea kiti kando yangu kwenye basi. Tafadhali usiniache niende peke yangu."

Nikapiga simu yake. Imezimwa. Nikaandika, "Nisamehe dada, nimeona sasa hivi." Halafu nikaketi kwenye cherehani, nikausoma ujumbe wa Emily tena na tena, kwa sababu ungejifuta, na aliyeupanga ujifute ni mimi.