Chômeur wa Omate

Prince wa Kirolirwe, kijiji cha Masisi, alikuwa amechunga ng'ombe wa watu maisha yake yote. Mwenye zizi alipouza kundi lote, akabaki kushinda barabarani. Hapo ndipo Monsieur Jean-Luc, mkubwa wa bureau moja ya utafiti ya Goma, alisimamisha jeep mbele yake.

"Kaka, uko na kazi?"

"Hapana, Papa."

"Basi nakupatia moja. Utakuwa chômeur, mutu asiye na kazi."

Jean-Luc alimweleza polepole. Bureau yake ilikuwa inachunguza kama ni kweli kwamba eneo likitoa mali nyingi, watu wasio na kazi wanapungua. Kwa Masisi hesabu ilikubali vizuri: ng'ombe wachache, vijana wengi wamekaa. Lakini kule Omate, kwenye machimbo ya Walikale, hawakupata hata mtu mmoja asiye na kazi. Kila mtu alikuwa ameshika nyundo.

"Wakubwa watakuja kutembelea," alisema. "Eneo nzima bila chômeur hata mumoja, hakuna mutu atatuamini."

Prince akapelekwa Omate, akawekwa kwenye kiti cha plastiki kando ya shimo, amevaa gilet, kizibao chenye neno CHÔMEUR mgongoni. Alikatazwa kufanya chochote mpaka jioni. Mama Victorine, aliyeuza chakula pale, alimwomba amsaidie kupasua kuni.

"Mama, siwezi. Niko ku kazi."

"Kazi gani hiyo?"

"Ya kukosa kazi."

Victorine alimtazama kwa huruma. "Pole, baba. Iko nguvu."

Kweli ilikuwa ngumu. Mikono ilimwasha. Mbuzi aliingia katika mihogo ya mtu mbele yake, naye akafumba macho ili asimfukuze. Wachimbaji walianza kutoka shimoni kuja kumwangalia, kisha wakakaa karibu naye.

"Sisi tunashuka mule chini hatujui kama tutatoka," mmoja alisema. "Wewe unalipwa bila kuchafuka. Tufundishe."

Akawafundisha. Shimo likanyamaza, na magunia yakakosa wa kuyajaza.

Wakubwa walipofika, walikuta kilima kizima kimejaa watu waliokaa. Prince alijua atafukuzwa. Lakini Jean-Luc alijifuta machozi ya furaha.

"Mali imeshuka, chômeurs wamepanda. Hiyo njo ile tulikuwa tunatafuta."

Wakampandisha cheo palepale: chef wa chômeurs wote wa Omate. Ila kesho yake Jean-Luc alirudi, uso umekunjamana.

"Prince, chef iko mutu wa kazi. Unaniharibia hesabu. Rudisha gilet."

"Basi sasa niko chômeur kweli?"

"Hapana. Chômeur wetu alikuwa na contrat, mkataba wa kazi. Wewe hauna."

Jeep ikaondoka. Prince alisimama pale hajui yeye ni nani, aibu imemshika. Wachimbaji nao walikuwa wameanza kusikia njaa, maana wao hakuna aliyewalipa kukaa. Wakainuka mmoja mmoja, wakajipangusa vumbi.

"Twende, kaka," mmoja alimwambia, akampa nyundo.

Prince hakuwahi kushuka shimoni. Chini kulikuwa na baridi, na maji yalimfika magotini. Akapiga jiwe. Akapiga tena, na mikono ikatulia. Jioni alitoka na udongo hadi masikioni, akala sahani mbili za maharagi, akalala bila kuvua viatu.