Masikio ya Mwalimu Guleid

Jawahir alipoolewa na Mwalimu Guleid, mapigano ya serikali ya Kenya na shifta, waasi waliotaka kujitenga, yalikuwa yameshaenea kote kaskazini mashariki, na Garissa watu walifungiwa ndani na kafyu mapema. Nyumbani kwa mumewe alikuta gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono na santuri chache za muziki wa kale wa Ulaya. Guleid aliuzoea muziki huo chuoni, akiwa mwanafunzi wa ualimu. Sasa alitaka mkewe naye aujue.

"Huyu analia nini?" Jawahir aliuliza mara ya kwanza.

"Si mtu. Ni fidla."

"Na maneno yanaanza lini?"

"Hayapo. Ukiyangoja utachoka bure." Guleid akapunguza kasi ya kusema, kama alivyofanya darasani. "Usitake kushika sauti zote kwa pamoja. Chagua moja, uifuate inakokwenda. Ikikuchosha, zima, urudie ileile kesho. Na usione haya kusema hukuipenda. Hii ya kinanda mimi mwenyewe hainiingii."

Jawahir, binti wa wafugaji wa Banissa, alichagua fidla kubwa yenye sauti nene. Aliifuata alasiri baada ya alasiri, akiipoteza na kuipata tena. Siku moja akasema, "Wallahi, huyu ni ngamia aliyefiwa na ndama. Anaita, ananyamaza asikie, anaita tena."

Guleid hakucheka. Alirudisha sindano mwanzo, wakasikiliza tena pamoja.

Kisha lori la askari likalipuliwa nje ya mji, na msako ukaanza nyumba kwa nyumba. Askari mmoja alifunua gramafoni.

"Hii ndiyo redio ya kuongea na shifta?"

"Si redio, afande. Ni ya muziki. Ngoja nikuwekee."

Askari walisimama wakisikiliza, bunduki mkononi.

"Hii ni lugha gani?"

"Haina lugha, afande."

"Basi utakwenda kututafsiria."

Wakamchukua. Jawahir alikwenda kwenye lango la kambi ya askari kila asubuhi na birika la chai, akarudishwa nalo. Mwezi ulipita kabla ya Guleid kurudi, kwa miguu, shati likimpwaya. Arbia, jirani yao, alimsalimu kutoka mlangoni kwake, naye akapita bila kuitikia. Jawahir alielewa alipomwita akiwa nyuma yake, mara mbili, na Guleid hakugeuka.

Askari walikuwa wamempiga makofi ya masikio yote mawili kwa pamoja. Moja lilikufa. Lingine lilibaki na mvumo usiokatika.

Jawahir aliweka santuri aliyoipenda mumewe. Guleid akalaza kiganja juu ya sanduku.

"Imeanza?"

"Imeanza!" Jawahir alipaza sauti karibu na shavu lake. "Fidla ndogo zimetangulia. Ile nene bado. Sasa! Imeingia!"

Guleid alingoja kidogo, kisha akaondoa mkono. "Nasikia mtikisiko tu, kama wa lori. Usiniwekee tena. Sikiliza wewe."

Hakurudi kufundisha. Alasiri alijilaza kitandani huku Jawahir akizungusha mpini na kukaa sakafuni. Wakati mwingine Guleid alimtazama mkewe usoni, akijaribu kukisia santuri imefika wapi. Kisha aligeukia ukuta, na Jawahir aliendelea kusikiliza peke yake mpaka sindano ikafika mwisho.