Kabati la Mrefu na Kibonge

Kiharusi kilimnyang'anya mume wangu Asger maneno, akili kikaiacha. Tangu Februari alielewa kila tunachosema, ila ulimi ulimgomea. Televisheni akaichukia, kwa kuwa watu wa humo husema haraka mno na hawamsubiri mtu. Fundi seremala huyu, aliyekuwa hamalizi kupiga msumari bila hadithi, sasa alishinda dirishani akitazama bandari ya mji wetu, Faaborg.

Binti yetu Signe, mwalimu huko Odense, aliona tangazo: Jumapili mchana kuna filamu ya zamani isiyo na sauti, ya wachekeshaji wawili, mmoja mrefu, mwingine kibonge, na mpiga piano ukumbini. Yeye alisema atatusindikiza tu, maana vitu vya miaka mia iliyopita humletea usingizi.

Kwenye filamu, kazi ya wale jamaa ilikuwa kupandisha kabati ghorofani, basi. Mrefu anavuta, kibonge anasukuma, kabati linakwama kwenye kona ya ngazi, kibonge anajikuta ndani yake, miguu nje. Signe alikuwa amejishika mbavu. Mara nikasikia sauti niliyoisahau. Asger alikuwa akicheka, machozi yanamtoka. Kazi ile aliijua. Alikuwa akiwaonyesha kwa mkono, wale wa kwenye skrini, walilaze ubavu.

Baadaye, mkahawani, tukila keki za mdalasini, Signe akamuuliza, "Baba, na wewe ulishawahi kukwama hivyo?"

Asger akaweka kikombe chini. Akainuka taratibu, akajibana kati ya meza na ukuta, akavuta kabati lisiloonekana, likamwangukia kidole cha mguu. Kisha akamwita Signe kwa kichwa, aje ashike upande wa pili.

"Baba, watu wanatuangalia."

"Si waangalie," nikamwambia. "Nenda, mwenzio anaelemewa."

Akaenda. Wakalibeba mpaka mlangoni wakigombana kwa macho, na bibi mmoja wa meza ya jirani akainuka kuwafungulia mlango lipite.

Sasa Signe huja kila Jumapili. Wanatazama filamu nyingine za aina ile kwenye simu yake, na Asger huwa wa kwanza kucheka, kwani huliona kosa kabla halijatokea. Maneno machache yamerudi. La kwanza, alilomwambia binti yake filamu mojawapo ya hizo ilipoisha, lilikuwa "tena".