Ruhusa ya Nahodha Brannock

Orrin Stapp alivunjika vidole viwili zamu ya saba kati ya tisa, na Eamon Brannock alisikia ule mlio akiwa benchi upande wa pili. Siku zile mdakaji wa besiboli alidaka kwa mikono mitupu, ukiumia umeumia.

Eamon hakutabasamu. Aliinama akafunga kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Miaka miwili alikuwa anaisubiri siku hii, yaani hata akimenya viazi anaiwaza. Zamani walikuwa timu moja ya ligi, yeye anarusha, Stapp anadaka, tena Stapp ndiye nahodha. Stapp alimrushisha mechi sita ndani ya siku saba mpaka bega likafa. Eamon akamwambia, "Orrin, mkono haupo." Stapp akamjibu, "Rusha tu, mwanangu, mkono utarudi wenyewe." Mechi ya sita wakafungwa pointi kumi na tisa. Wenye timu walipokuja juu, Stapp akawaambia Brannock kauza mechi. Ligi ikamfungia. Akaishia kupakia makaa ya mawe kwa mkono wa kushoto, na hata kinyozi wa mji wake, Penfield, alikuwa anamwambia asubiri nje.

Baadaye akajifunza kurusha upya, kwa kiuno badala ya bega, na timu ya Penfield, timu ndogo isiyo ya ligi, wakamfanya nahodha. Ndio hao Stapp na watu wake waliokuja kucheza nao Jumamosi hiyo. Na sheria ya siku zile ilikuwa wazi: mchezaji akiumia, habadilishwi mpaka nahodha wa upande wa pili akubali.

Stapp akaja, mkono kaufunika kwa kofia, refa nyuma yake.

"Eamon, naomba nimwingize Pruitt adake badala yangu."

"Orrin. Hata salamu hakuna siku hizi?"

"Vidole vimevunjika, Eamon."

"Nimesikia. Vimelia vizuri kuliko bega langu."

"Bwana Brannock," refa akaingilia, "unakubali au hukubali? Watu wanangoja."

"Wangoje, wameshalipa. Orrin, waambie nani aliuza ile mechi."

Stapp akatupa jicho jukwaani. Mwandishi wa gazeti alikuwa mstari wa mbele, penseli sikioni. "Hapa hapa?"

"Ulitaka wapi, kanisani?"

Stapp akanong'ona kitu.

"Wa nyuma hawajasikia, kaka."

Basi Stapp akageukia watu, akapaza sauti. "Brannock hakuuza mechi. Nilimrushisha mpaka mkono ukafa. Nikaogopa kufukuzwa, nikadanganya."

Penseli ikatoka sikioni.

Eamon alikuwa amepanga yaishie hapo, kweli kabisa. Ila akamwona Stapp ameshageuka, anampungia Pruitt aje, uso umelegea kama mtu aliyetua mzigo. Sentensi tatu tu, halafu anaenda kupumzika.

"Pruitt akae," Eamon akasema.

"Si umesema niwaambie?"

"Nimesema uwaambie. Ruhusa sijaitaja. Kadake tu, mwanangu. Mkono utarudi wenyewe."

"Huo si uungwana, Bwana Brannock," refa akasema.

"Kweli, siyo. Mwambie yule wa penseli aandike na hilo."

Stapp akarudi kudaka. Kila mpira ulipotua mikononi mwake, Eamon alimwangalia usoni, bila kuruka hata mmoja. Zamu ya tisa mpira ukapita katikati ya vile vidole, ukabingirika mpaka kwenye uzio, na mkimbiaji wa Penfield akaingia na pointi ya ushindi. Tano kwa nne. Watu wa Penfield, watu wake mwenyewe, hawakupiga makofi. Wengine walimzomea.

Jumatatu Eamon akaenda kwa kinyozi. Safari hii hakuambiwa asubiri nje. Akakaa kwenye kiti, akapakwa sabuni, wembe ukaanza kazi bila soga yoyote.

"Umesoma gazeti?" Eamon akauliza.

"Nimesoma."

"Pale waliposema sikuuza?"

"Nimesoma lote, bwana," kinyozi akasema. "Inua kidevu."