Fungu la Majeneza

Clément, karani wa bajeti, alilikata fungu la majeneza kwa wino na rula, ili mstari unyooke. Ilikuwa mwaka 1993, na Kinshasa ilitaka pengo la bajeti ya jimbo lipungue kabla ya Ijumaa. Walimu wangegoma. Askari wangepora tena. Lakini watumishi waliokufa, ambao serikali iliahidi kuwapa kila mmoja sanduku la kuzikiwa, wangefanya nini? "Wafu hawagomi, mon cher," mkurugenzi wake alisema, na wote wawili wakacheka.

Wiki tatu baadaye alikufa Liévin, mpiga chapa wa ofisi yao, kwa malaria aliyoitibu kwa majani kwa kukosa mshahara. Asubuhi ya pili mjane wake, Mama Myriam, alifika kwa miguu kutoka mtaa wa Kamalondo, vumbi jekundu hadi magotini.

"Papa Clément, nimekuya kwa ajili ya sanduku."

"Haiko, mama. Mwaka huu haiko."

"Haiko namna gani? Miaka makumi mbili na mbili ya kazi! Mutu wangu iko mu mukeka, bantu banafunika pua. Nani aliikata?"

Kinshasa. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Ofisi nzima iliishi kwa jibu hilo. Lakini mama alikuwa akimtazama vidole, vyenye wino.

"Ni mimi, mama."

Mama Myriam hakupiga kelele. Alijifunga kitenge upya, polepole.

"Basi utamufunika weye."

Clément alifungua kabati kubwa la mninga, akaziteremsha bajeti za miaka kumi na tano, akazirundika sakafuni. Kisha akaenda kumwita Chomba, seremala. Mkurugenzi alitoka mbio waliposikika wakilibomoa kabati.

"Clément! Hiyo ni mali ya serikali!"

"Hata Liévin, directeur."

Mkurugenzi akarudi ndani.

Jua lilipopanda, sanduku lilikuwa tayari. Ubavuni ilibaki namba nyeupe ya hesabu ya vyombo vya ofisi, na Chomba akachukua randa aiondoe. Mama Myriam akamshika mkono.

"Acha. Bantu basome."

Clément alibeba upande wa mbele. Namba ile nyeupe ilikuwa karibu na jicho lake, na njia nzima hadi makaburini hakupata pengine pa kutazama.