Mji wa Pwani Sebuleni kwa Alute

Luciana aliiona picha ile mnadani Iguguno akiwa upande wa pili wa barabara, anachagua sufuria. Ilikuwa imeegemezwa kwenye marobota ya mitumba: mji mweupe kando ya bahari, jua limewaka mpaka maji yanameremeta. Maishani mwake hajawahi kufika pwani. Akaziacha sufuria.

"Ni nakala ya mchoro wa Mfaransa wa zamani," muuzaji alimwambia akiifunga kwa magazeti. "Hao walichora mwanga kwanza, nyumba baadaye. Ila usiitazame kwa karibu, mama."

Neno hilo hakulitilia maanani mpaka alipofika kwake Ulemo na kuitundika sebuleni. Sebule yenyewe ni hatua nne tu. Mji haukuwepo! Palikuwa na madoa ya bluu, ya njano na meupe, basi.

Mumewe, Alute, fundi mwashi wa miaka mingi, aliikagua kwa kidole. "Umeibiwa, mama Jesca. Huyu hakumaliza kazi."

"Rudi nyuma utaona."

"Nirudi wapi, niingie ukutani?"

Luciana akawa anatoka mpaka uani, anaitazama kupitia mlangoni, anatabasamu peke yake. Alute aliapa hatatoka nje ya nyumba yake ili kutazama kitu kilichomo ndani.

Jumamosi akaja Scholastika, dada mkubwa wa Alute.

"Shikamoo, dada," Alute akamsalimu.

"Marahaba. Mbona mmefutia brashi ukutani?"

Luciana akamshika mkono, akamtoa nje. "Rudi nyuma, wifi. Tena. Tena kidogo."

Scholastika alirudi nyuma, macho mlangoni, mpaka akaketi pwaa kwenye beseni la nguo zilizolowekwa.

Alute akatoka mbio. "Dada, umeumia?"

"Nyamaza! Kumbe ni mji! Na watu wanatembea!"

"Inuka, gauni lako linalowa."

"Niinuke niende wapi? Ndiyo kwanza nimeona."

Alute akainama amshike makwapani, na katika kuinama huko akageuza uso kutazama anakotazama dada yake. Akabaki vilevile, mgongo umepinda. Jua lilikuwa limelala juu ya mapaa, na maji yalikuwa kama yanatikisika.

"Maji yote yale," alisema taratibu, "na hakuna hata mmoja mwenye ndoo."

Jumatatu Luciana alirudi kutoka shamba la alizeti akakuta vumbi mpaka barazani. Ukuta kati ya sebule na chumba cha kulala ulikuwa chini, na Alute anapanga matofali pembeni.

"Alute! Sasa wageni wataona kitanda chetu!"

"Ulisema turudi nyuma. Nimetupatia pa kurudi."

Luciana alinuna siku mbili. Alishona pazia kubwa la kitenge, akaamuru lifungwe kila mtu anapobisha hodi. Asubuhi ya siku ya tatu aliamka akamkuta mumewe ameshalifungua, ameketi kitandani, blanketi mabegani, anatazama.

"Yule mweupe pale juu ni mwanamke anaanika," Alute alisema.

"Ni ndege."

"Ndege gani anaanika shuka?"

Luciana alitaka kuendelea kununa, kicheko kikamponyoka. Akasogea ukutani, akampisha mumewe akae katikati, mahali panapoonekana vizuri zaidi.