Mzee Wilf na Mfalme Mkaidi

Baba yangu, Wilf, alipiga plasta nyumba za London tangu ujana wake, na kichwa chake ni kigumu kuliko kuta zake. Mdogo wangu Hazel alimwambia ukweli: anampenda, lakini hawezi kuacha mume na kazi kule Leeds aje kumtunza. Mzee akamjibu kwamba basi asikanyage tena hapa. Tangu siku hiyo jina la Hazel halitajwi mezani kwetu. Mzee anakaribia miaka themanini, na majuto ni mjukuu. Niliogopa atakufa na kinyongo chake.

Nikamwekea Shakespeare kwenye televisheni. Akanung'unika, eti hayo ni mambo ya waliosoma. Nikamwambia anywe chai yake anyamaze. Ulikuwa ule mchezo wa mfalme mzee anayewataka mabinti zake watatu waseme wanampenda kiasi gani. Wakubwa wakampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mdogo akasema ukweli, akafukuzwa. Baba akainuka, akazima televisheni, akaenda kuosha vikombe ambavyo nilishaviosha. Aa, nikajua pameuma.

Jumamosi nikampeleka akaone mchezo wenyewe, kwenye ule ukumbi usio na paa kando ya mto Thames, sisi tukiwa na tiketi za kusimama. Mvua inanyesha, miavuli hairuhusiwi, na lawama zote ni zangu. Sasa, Baba hajawahi kuona michezo mingine ya jukwaani ila ile ya watoto wakati wa Krismasi, ambako mtu mbaya akinyata, ukumbi mzima humpigia shujaa kelele ageuke, naye hugeuka. Kwake huo ndio ustaarabu.

Basi yule binti mdogo alipokuwa anaondoka, Baba akapaza sauti: "Mwite arudi, mzee!"

Watu wote wakatugeukia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mfalme alimtazama Baba kidogo tu, kisha akampa binti yake mgongo.

"Hajanisikia," Baba akasema.

"Amekusikia. Mkaidi tu."

Mapumziko yakafika. Aiskrimu niliyomnunulia ikayeyuka mkononi, akaniomba nimpigie Hazel. Nikapiga haraka, asije akabadili nia.

"Hazel, ni baba yako," akasema. "Njoo kesho Jumapili, tule nyama ya kuoka. Njoo na mumeo."

Akasikiliza kwa muda mrefu, huku anafuta macho kwa mkono wa koti. Nampenda mzee huyu, basi tu.

Kengele ikalia. Akanirudishia simu, akauliza: "Na yule mfalme? Naye atamwita binti yake?"

Mwisho wa mchezo ule naujua: binti anakufa.

"Watakutana, Baba," nikamwambia. "Ila mfalme atakuwa amechelewa."

Akanishika mkono, tukarudi kusimama mvuani.